Usitupe mbachao: Kipakatalishi kikuukuu kingali na kazi

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa bila malipo marekebisho ya usalama ya Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umetumiwa na mamilioni ya watu duniani tangu mwaka 2015. Waliohitaji muda zaidi walipewa muhula wa nyongeza hadi Oktoba 2026, kwa sharti la kujiandikisha. Wengine walishauriwa wahamie Windows 11 na, iwapo mashine zao haziwezi kuubeba mfumo huo, wanunue nyingine.

Mkazi wa Kayole, Kariobangi au Jericho aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wakwasi wa Ulaya na Marekani. La hasha. Windows 11 hudai chipu maalumu ya usalama na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au kilichofuata, yaani zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Vipakatalishi vingi vinavyopatikana kwa bei ya mwananchi wa kawaida katika mitaa ya Eastlands ni mitumba, vile ambavyo wauzaji huviita “ex-UK”. Vilitumika maofisini ng’ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kufikishwa hapa, na vingi viliundwa kabla ya mwaka huo.

Kwa hivyo mzazi wa Umoja aliyejinyima ili mwanawe apate kipakatalishi cha kusomea amejikuta na mashine nzima, isiyo na hitilafu, lakini ambayo mwenye mfumo ameikana. Je, itupwe? Safu hii inashikilia kwamba isitupwe. Hata hivyo, uhai wake wa pili utategemea jambo ambalo wataalamu wengi hulidharau, nalo ni uwezo wa kuonyesha filamu, kupiga muziki na kuchezesha masomo ya video bila kigugumizi.

Wakenya si wageni wa masaibu ya namna hii. Mapema mwaka 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa nchini, runinga zilizokuwa zikionyesha picha safi ziligeuka mapambo ya sebuleni mpaka mwenyewe anunue kisanduku cha kupokea mawimbi ya dijitali. Mvutano kati ya serikali na wenye vyombo vya habari ulifanya stesheni za NTV, KTN na Citizen zitoweke hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Tulijifunza wakati huo kuwa chombo chaweza kufa bila ya kuharibika. Hufa kwa sababu uamuzi umepitishwa mahali ambapo mwenye chombo hana sauti.

Tofauti ni kwamba mwaka 2015 mwananchi hakuwa na la kufanya ila kufungua mkoba. Mara hii ipo njia nyingine. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux. Kiini hicho ni huria: kila mtu anaruhusiwa kukitumia, kukichunguza, kukinakili na kumgawia jirani yake. Juu yake imejengwa mifumo kamili mingi. Mmoja, Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake lina shina moja na neno letu “utu”. Mwingine, Linux Mint, huweza kufanya kazi kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa gigabaiti 4 ndizo zinazopendekezwa. Kipakatalishi cha ofisi cha mwaka 2012 aghalabu kina kiasi hicho.

Ikiwa dawa i karibu hivyo, mbona wagonjwa wangali wanazikwa? Sababu kubwa ni kipimo ambacho watu hutumia kuamua kama tarakilishi ni nzima. Mwananchi haulizi kasi ya prosesa wala jina la mfumo. Hufungua wimbo wa Injili, filamu aliyojaziwa kwenye flashi, diski ya harusi ya dada yake au somo la hisabati la mtoto. Vikicheza, mashine ni nzima. Vikikataa, ni mbovu, hata kama mambo mengine yote yanakwenda sawa.

Kipimo hicho kina mizizi Eastlands. Vibanda vya kuuza na kuonyesha filamu vimekuwa sehemu ya maisha ya mitaa hii tangu enzi za kanda za video. DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha ya mitaani. Filamu za River Road, zilizopewa jina la Riverwood, ziliwafikia wananchi kwa diski zilizouzwa mikononi, wala hazikungoja majumba ya sinema. Isitoshe, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo yalihamia redioni, runingani na mtandaoni, na wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, mtoto mwenye mashine isiyochezesha video hakumzidi sana yule asiyekuwa na mashine.

Basi mambo huenda hivi. Fundi humshawishi mteja akubali Linux. Mteja hufika nyumbani, akafungua filamu, akasikia sauti bila picha, au akaona picha inayokwamakwama. Kesho yake hurudi akidai Windows yake. Fundi naye, kwa kuogopa kumpoteza mteja, humwekea Windows 10 ya wizi iliyovunjwa kufuli. Programu za namna hiyo ni mlango mpana wa virusi. Na mashine hiyo ndiyo itakayotumika kuingia eCitizen, kulipa ushuru wa KRA na kuomba mkopo wa HELB. Kilichoanza kama kero ya filamu moja kimekuwa hatari kwa nywila na fedha za jamaa nzima.

Yafaa basi kueleza kinachokwamisha picha, maana si uchawi. Faili ya filamu ni mfano wa mzigo uliofungwa. Ndani mna picha na sauti zilizobanwa kwa kanuni maalumu ili zisichukue nafasi kubwa. Kifaa cha programu kinachobana na kufungua huitwa kodeki. Tarakilishi isiyokuwa na kodeki ya picha ile itasema tu kwamba haiifahamu faili, ingawa faili yenyewe ni nzima.

Kwa miaka mingi baadhi ya matoleo ya Linux yaliacha kodeki hizo nje kwa hofu ya hataza. Hata wimbo wa kawaida wa MP3 ulikuwa na utata. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoshiriki kuibuni MP3, ilikomesha utoaji wa leseni zake Aprili 2017 baada ya muda wa hataza kuisha. Kodeki nyingine bado zina masharti katika baadhi ya nchi, ndiyo sababu Ubuntu na Linux Mint humwuliza anayesakinisha kama angependa kuongezewa kodeki za sauti na video. Ni kisanduku kidogo cha kutia alama, na fundi mwenye haraka hukipita. Kosa hilo dogo limewafanya wengi waamini kwamba Linux haichezeshi filamu.

Mkombozi wa pili ni programu ya kuchezea yenyewe. Iliyo maarufu ni VLC, ambayo alama yake ni koni ya barabarani yenye rangi ya chungwa. Ilitokana na mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa ulioanza mwaka 1996. Walitaka mtandao wenye kasi zaidi katika mabweni yao, na wakaupata kwa kujenga mfumo wa kusambaza video za runinga kwenye mtandao huo. Februari 1, 2001, chuo kiliruhusu kazi hiyo itolewe kwa leseni ya programu huria. Kufikia Januari 2025 shirika la VideoLAN, linaloitunza, lilitangaza kwamba VLC ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Haina matangazo na haidai malipo.

Ubora wa VLC kwa maskini ni kwamba huja na kodeki zake. Kwenye Ubuntu, Mint au Debian, mwenye mtandao huandika amri moja tu, sudo apt install vlc, na kazi imekwisha. Asiyependa kuandika amri huitafuta katika duka la programu lililomo ndani ya mfumo. Kwa mashine dhaifu zaidi ipo mpv, iliyotokana na programu ya zamani ya MPlayer. Haina madoido, ina vitufe vichache, na huiachia prosesa nguvu za kufanya kazi iliyo muhimu.

Pamoja na hayo, kuna ugonjwa ambao programu peke yake haiuponyi, na hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni ya kubana picha iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003. Mrithi wake, H.265, alitoka mwaka 2013 na huweza kupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu kwa ubora ule ule. Muuzaji wa filamu huipenda kwa sababu filamu nyingi zaidi huenea kwenye flashi moja. Lakini kinachomfaa muuzaji humwelemea mwenye kipakatalishi cha zamani. Prosesa za Intel zilianza kuifungua H.265 kikamilifu kwa sehemu maalumu ya chipu kuanzia kizazi cha sita, mwaka 2015. Mashine ya mwaka 2012, mathalani Dell Latitude E6430 au ThinkPad T430, huifungua H.264 bila jasho, ila kwa H.265 hulazimika kutumia nguvu za prosesa yenyewe. Faili ikiwa ya picha kubwa, feni huvuma, mashine hupata moto, betri huisha na picha hukwama.

Tiba yake ni maarifa wala si fedha. Mnunuzi amwambie muuzaji wa filamu ampe ya H.264, tena yenye ukubwa wa 720, ambao watosha kabisa kwa skrini nyingi za vipakatalishi vya wakati huo. Faili iliyokwisha kupatikana kwa H.265 yaweza kugeuzwa kuwa H.264 kwa mashine yenye nguvu zaidi, kwa mfano ya rafiki au ya saiba. Katika YouTube, ambayo mara nyingi hupendelea kodeki mpya, mtazamaji apunguze ukubwa wa picha hadi 480. Fundi naye ahakikishe kwamba kiendeshi cha chipu ya picha kimewekwa, la sivyo mashine itabeba kwa kichwa mzigo ambao ina mkokoteni wa kuusukumia.

Kuna hata jambo moja ambalo kipakatalishi kikuukuu humshinda kijana wa leo. Vipakatalishi vingi vipya havina tundu la diski, ilhali vingi vya zamani vinalo. Kumbukumbu za jamaa nyingi za Buruburu, Maringo na Makadara zimo katika DVD: harusi, mazishi, ubatizo, mahafali. Diski hizo zilizorekodiwa na wapigapicha wa mtaani kwa kawaida hazina kufuli, hivyo VLC huzichezesha mara moja, na zaweza kunakiliwa kabla hazijachakaa. Diski za filamu za viwandani ndizo zenye kufuli, na kwa hizo Ubuntu na Debian huhitaji nyongeza iitwayo libdvd-pkg.

Sasa tutazame gharama ya kutofanya lolote. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, na bado taka za jiji ziliendelea kumwagwa humo miaka nenda miaka rudi. Duniani kote, kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, taka za vifaa vya elektroniki zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Ndani ya vifaa hivyo mna risasi na sumu nyinginezo. Wanaovivunja na kuvichoma ili wapate shaba ni vijana wa mitaa hii hii, na moshi wake huvutwa na watoto walio shuleni kando ya jaa.

Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, ambayo humtwika mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa wajibu wa kile kinachobaki baada ya matumizi. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini taka iliyo bora ni ile isiyozaliwa. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilionyesha kwamba tarakilishi zilizoachwa na maofisi zaweza kufanyiwa ukarabati na kuwafaa wanafunzi, na juhudi hizo zikazaa kituo cha kukusanya taka za elektroniki cha WEEE Centre. Mfano tunao nyumbani. Hatuna haja ya kwenda kuuomba ng’ambo.

Yapo mambo matatu yanayopaswa kufanywa. La kwanza lawahusu mafundi. Asiruhusiwe mteja kuondoka na kipakatalishi cha Linux kabla ya kujaribiwa mbele yake kwa wimbo wa MP3, filamu ya H.264, diski ya DVD ikiwa tundu lipo, na somo moja la mtandaoni likisikika kwenye spika na kwenye vifaa vya masikioni. Dakika kumi za majaribio zitamwepushia fundi aibu na kumwepushia mteja hasara.

La pili ni kugawana. Bando la intaneti ni ghali kwa mlalahoi, na faili ya kusakinishia Linux Mint ni karibu gigabaiti 3. Ila leseni ya programu huria humruhusu mtu kupakua mara moja na kuwanakilia watu mia bila ya kuvunja sheria. Flashi moja yenye mfumo, VLC na kodeki zake yaweza kuzunguka Pipeline nzima. Watu waliozoea kuchangiana katika vyama vya akiba hawawezi kushindwa na jambo kama hilo.

La tatu lawahusu watawala. Serikali ya kitaifa iliahidi kujenga vituo 1,450 vya kidijitali, idadi sawa na ya wadi zote nchini, pamoja na vituo 25,000 vya intaneti ya bure hadharani. Ahadi hizo zitakuwa maneno matupu iwapo vituo hivyo vitafundisha tu kutumia mashine mpya ambazo watu hawana. Kila kituo kiwe na mtu wa kuwasaidia wananchi kuhuisha mashine walizo nazo. Maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan ambayo yalikarabatiwa kwa juhudi za shirika la Book Bunk, zaweza kutenga hata Jumamosi moja kwa mwezi kwa kazi hiyo. Vyuo vya kiufundi navyo vifunze Linux kwa vitendo, kwa kuwa fundi huuza kile alichofunzwa.

Hapa kuna suala la lugha pia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilithibitisha kwamba kwa programu huria mtumiaji hangoji kampuni imhurumie: akitaka lugha yake, anaitia mwenyewe. Wasomi wetu wa Kiswahili, ambao hawaishi kulalamika kwamba lugha imeachwa nyuma na teknolojia, wangefanya vyema kuikamilisha kazi ya namna hiyo badala ya kuendelea kulumbana kuhusu istilahi.

Watakaopinga hawatakosekana. Watasema Linux haiendeshi baadhi ya programu zinazodaiwa na waajiri. Ni kweli, na anayezihitaji kwa kazi yake asidanganywe. Watasema zipo mashine zilizochoka kupita kiasi. Hilo nalo ni kweli. Debian, mmoja wa mifumo iliyowavumilia wakongwe kwa muda mrefu, iliacha kutoa diski za kusakinishia mashine za biti 32 katika toleo la 13 la Agosti 2025. Kipakatalishi chenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu kitabaki kuwa cha muziki na maandishi. Wengine watasema tunahimiza wizi wa filamu. Sivyo. Programu ya kuchezea ni kama redio. Haimpi mtu haki ya kuiba jasho la msanii, na anayeweza kununua kazi halali ya wasanii wetu aifanye hima kuinunua.

Hoja hizo hazibatilishi ukweli kwamba maelfu ya vipakatalishi vilivyo kati ya ukongwe huo na upya wa Windows 11 vina miaka mingi ya kutumika. Vinachohitaji ni mfumo ulio hai, programu moja ya bure, kodeki zake na fundi aliyeelimika. Iwapo vitaishia Dandora kwa sababu tu hakuna aliyetia alama kwenye kisanduku cha kodeki, haitakuwa haki kuilaumu kampuni ya Marekani peke yake. Uamuzi wa kukikana kipakatalishi ulikuwa wao. Uamuzi wa kukizika ni wetu.